Jaza Kioo

Mwanamume aliyeingia studio kwangu mwezi uliopita hakuja kupiga picha ya pasipoti, lakini mimi nilishamnyooshea kidole kwenye kiti cha mbele ya kitambaa cheupe kabla hata hajamaliza kunisalimia. Ndivyo nilivyo, mchana sina subira na mtu. "Samahani, dada," akasema, akabaki amesimama, jaketi la nchi za watu mkononi na jua la Tabora likimtoa jasho mpaka shingoni. "Namtafuta mtu anaitwa Tatu. Zamani alikuwa anafanya kazi kwa Ramso." Nikamwambia kwamba Ramso alishahamia Mwanza, anauza vipuri vya pikipiki, na huyo Tatu ndiye huyu anayekukodolea macho. Akacheka, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Maishani nilimjua mtu mmoja tu aliyecheka vile, na mtu huyo nilishamlilia. "Wewe ni Everisti," nikasema. "Wa Ulyankulu. Mtoto wa Mama Everisti." Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amekuja kwa misa ya kumwombea mama yake, na alitaka ile video tuliyompiga mama yake, maana kule ilikokuwa mtandaoni haipo tena. Ramso alipofunga studio aliisahau namba yake ya siri, na kila kitu kikapotea. Nikamvutia Everisti kiti, nikaagiza chai ya maziwa kwa jirani, nikageuza kile kibao cha mlangoni kisemacho TUMEFUNGA. Nilikuwa na neno la kumwambia ambalo nimekaa nalo miaka yote hii, na sikujua nianzie wapi.

Nianzie kwenye chumba cha Ramso. Nilikwenda pale mwaka niliomaliza kidato cha nne, na kusema kweli nilikwenda kwa sababu kulikuwa na feni. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, si mbali na soko kuu, ukutani pazia lenye picha ya maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Tabora aliyewahi kuyaona, na kochi jekundu lililobonyea katikati, hata wateja wawili wakikaa lazima wagongane mabega. Kompyuta ilikuwa imevuliwa ubavu wake mmoja, matumbo nje, na ile feni niliyoifuata mimi kumbe ilikuwa ya kwake, inampulizia yeye siku nzima. Sisi binadamu tulipepewa na kipande cha boksi. Ramso mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi, shati la maua, miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba. Alitaka aitwe Dairekta. Mimi nilimwita kaka Ramso na yeye akaniita "we Tatu", na tukaelewana hivyohivyo. Mchana mama lishe alituletea ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa karanga, tukala juu ya meza ileile ya kuhariria. Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga kwenye mboga nasikia na kompyuta ikiunguruma.

Kazi yenyewe nilijifunzia kwenye kochi lile, kwa kusikiliza. Mteja hakuchukua video yake bila kuja kuitazama kwanza pamoja na ukoo wake, na maneno niliyoyasikia pale yalinifundisha kuliko Ramso. Kamera yetu ilikuwa ya zamani, ya kanda, picha yake karibu mraba. Mjini zikaanza kuingia televisheni bapa, pana. Ukiitia picha ya mraba kwenye kioo kipana inakaa katikati, na kushoto na kulia kunabaki weusi. Ndivyo inavyotakiwa, hakuna kosa hapo. Sasa kawaambie watu. Shangazi mmoja wa bibi harusi, mama wa mtaa wa Isevya, alitazama video yetu dakika chache tu, akasimama, akashika kiuno. "Ramso! Harusi ya mwanetu umeifunga kaniki pande zote mbili. Kwani nani kafa?" Kaniki, nguo nyeusi ya msiba! Ramso akatetea, akasema hivyo ndivyo picha ilivyo, nani amsikilize. Watu wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja. Siku ile ikazaliwa sheria ya studio yetu, akaiandika kwa chaki juu ya kompyuta: JAZA KIOO. Picha inavutwa pembeni mpaka weusi uishe, basi. Kwamba watu walitoka wapana kama vihenge vya nafaka, hilo halikumkera mtu. Kwetu mtu akinona ni heri. Mzee mmoja wa Choma, mfugaji, tulimpigia video ya mahari ya binti yake, na ng'ombe wakatoka wamevutwa vilevile, wamenona mpaka wanatembea kwa kuringa. Alifurahi huyo! Akaagiza nakala za ukoo mzima.

Halafu mambo ya mtandao yakaingia. Wateja wakaanza kutaka video ipande juu, ndugu walio mbali waione. Ramso aliahidi kwanza, ndipo akaniuliza kama nafahamu. Sikufahamu. Mara ya kwanza niliitoa video kama tulivyozoea kuitoa kwa ajili ya diski, nikaibeba kwenye flashi mpaka kwenye kafe ya intaneti, nikakaa nikitazama ule mstari wa kupandisha unavyotambaa. Ukatambaa, ukatambaa, umeme ukakatika. Nikarudi kesho yake, vilevile. Nikarudi kwa Ramso nikiwa nimenuna, yeye akacheka: "We Tatu, sisi wajukuu wa wapagazi. Mzigo ukikushinda huuachi njiani, unaufunga upya." Ilikuwa maskhara, ila ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Kutoa video ni kufunga mzigo. Nikajifunza kuukandamiza uwe mdogo bila kuharibu sura. Kuna mmoja ulipanda ukiwa na picha bila sauti, harusi nzima watu wanafungua midomo kama samaki. Mwingine ulitoka na michirizi kama meno ya kitana kila mtu akisogea, kwa sababu kanda za zamani zinachukua picha nusunusu na lazima uziunganishe kabla ya kutoa. Mwisho nikaipata aina ya faili inayokubali, inaitwa emupi foo (MP4): michirizi imeondolewa, sauti inasikika, mzigo unapanda kabla umeme haujakatika. Niliruka pale kafe kama nimezaa. Na kwenye ule ukurasa wa maelekezo nilisoma jambo jingine, kwamba picha ya mraba usiivute, iache mraba, kioo chenyewe kitajua pa kuweka weusi. Nikampelekea Ramso habari hiyo mbio. "Hao walioandika," akasema, "hawajakutana na shangazi wa bibi harusi."

Mama Everisti aliingia kwetu mwanzoni mwa kiangazi, akiwa na kapu la mihogo ya kuchemsha na karanga, na hakuanza kusema shida yake mpaka tumekula. "Shikamoo, mama," nilimwambia, naye akaniitikia "Marahaba, mwanangu" kwa lafudhi ile ya watu wa Ulyankulu, wenye asili ya Burundi, inayopanda na kushuka taratibu. Alikuwa mwembamba. Mwembamba sana, jamani. Kitenge alikuwa amekizungusha na kukibana kwa pini kubwa kiunoni, maana mwili wa kukishikilia haukuwapo. Tumbo lilikuwa linamsumbua muda mrefu, hospitali walishamwambia walichomwambia, na hakupenda kulizungumza. Kilichomleta ni Everisti. Kijana alikuwa Kanada, kwenye kiwanda cha kuku, anangoja karatasi za kuishi kule. "Kuna watu wamempigia simu," akasema. "Wamemwambia, mama yako amebaki mifupa, njoo umwone. Sasa analia, anasema anaacha kila kitu anarudi. Karatasi hazijatoka. Akitoka leo, ndiyo basi, hawamfungulii tena." Akatikisa kichwa. "Mimi umri wangu wote nimekuwa mtu wa kungoja karatasi. Nakua nangoja, naolewa nangoja. Yeye asiache foleni amefika mlangoni." Alitaka tumpige video kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu wake, amevaa vizuri, anacheka, mwanawe aone kwamba yuko salama. Ramso akavua miwani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Utang'aa, mama," akamwambia.

Tulikwenda Ulyankulu Jumamosi, na Jumapili asubuhi tulikuwa kanisani. Ramso, Mwislamu kama mimi, alijua misa za kupiga picha kuliko Wakristo wengine. Alijua wapi asimame na wapi apinde goti. Padri alipoinua hostia, kile kimkate cheupe cha duara cha misa, alivuta kamera karibu mpaka ile hostia ikajaa kioo, akaishikilia hapo bila kutikisika. "Hiyo usiikate kamwe," alininong'oneza. "Wakatoliki ukiwakatia hiyo hawakulipi." Nyumbani kulikuwa na maharage, wali, ndizi za kupika na nyama ya mbuzi, na mabinti wadogo wa nguo nyeupe wakikimbizana na kuchafuka. Mama Everisti alikaa kwenye kiti cha mbele, sahani imejaa mapajani, akawa anakisogeza kijiko huku na huku mpaka nilipogundua kwamba hajala hata tonge. Nilikuwa nimeinama nyuma ya jiko kutafuta mahali pa kuchaji betri niliposikia wanawake wakisemezana. "Anamdanganya nani? Si bora mtoto aje amwage machozi mama akiwa hai?" Mwingine akamjibu: "Aje, halafu? Yeye atakufa, na mtoto atabaki hana huku wala kule." Nikatoka pale sijui nani yuko sahihi. Wote wawili walisema kwa uchungu, na wote wawili walikuwa wakiosha vyombo vyake.

Kuihariri hakukunichukua muda, ila kuitoa ndiko kulikozua ugomvi. Mimi niliitoa kama ule ukurasa ulivyosema, mraba wake, sura za watu kama Mungu alivyoziumba. Nilijivunia. Mama Everisti alipokuja nikamkalisha kwenye kochi, nikaiwasha. Akatazama mjukuu wake, akatabasamu. Akatazama hostia, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akajiona mwenyewe kwenye kile kiti cha mbele, na mkono ukaenda wenyewe kwenye pini ya kiunoni, ukaishika. "Huyu ndiye mnayemwona kila siku?" akauliza. Ramso ndiye aliyenisukuma pembeni. "We Tatu, sheria ya studio ni ipi?" Akabonyeza, akavuta. Weusi wa kushoto ukaondoka, wa kulia ukaondoka, na pale kwenye kiti akakaa mama mwingine, mashavu yamejaa, mabega yamejaa, kitenge kimemkaa. Mama Everisti akafunika mdomo kwa kiganja, akacheka mpaka akakohoa, mpaka machozi yakamtoka. "Ego! Ndiyo! Huyu namjua!" akasema. "Huyu ndiye aliyemzaa Everisti!"

Mimi nilikasirika, na nilisema. Nilikuwa na umri ule wa kuona ukweli ni kitu cha kumtupia mtu usoni. "Mama, hii si sura yako. Mwanao ana haki ya kujua." Ramso akanikata jicho, lakini mama mwenyewe hakukasirika hata kidogo. Alinishika mkono, vidole vyake vimekauka kama kuni. "Mwanangu, ukimpikia mgeni ugali, unamwonyesha na moto ulivyokuunguza? Unamwambia karibu, kula." Akauachia mkono wangu. "Mimi siogopi kufa. Naogopa nife halafu yeye awe amerudi hapa na mikono mitupu kwa ajili yangu. Nitalalaje?" Nikageukia kompyuta ili asinione, nikaandaa kuitoa ile pana. Alipokuwa anaondoka, amesimama mlangoni na kapu lake tupu, akageuka: "Ile nyingine usiifute. Iweke. Atakuja."

Nikaipandisha pana hivyohivyo, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na siku ile umeme haukukatika. Siku chache baadaye Mama Everisti akarudi na simu, kwa sababu kwao Ulyankulu mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na alitaka mwanawe apige yeye mama akiwa mjini. Ikaita. Akaiweka sauti ya nje, akaiweka katikati ya meza, penye sahani zetu. "Mama," sauti ikasema, "nimeiona." Halafu kimya. "Haloo?" akaita mama. "Haloo, mwanangu?" Kimya. Ramso akaipiga meza, "Mtandao huu, jamani!" akamwambia mama asogee mlangoni, akasogea, ameinyanyua simu juu kwa mikono miwili. Ndipo sauti ikarudi, kubwa, imechangamka: "Mama! Umenenepa!" Mama akacheka, mkono mdomoni. "Nakula vizuri, mwanangu." "Kumbe hao watu walinidanganya!" "Walikudanganya, achana nao." "Basi ngoja nisubiri karatasi, mama." "Subiri," akasema, na akalirudia neno hilo mara kadhaa kama anambembeleza mtoto alale, "subiri, subiri, mwanangu." Ramso alitoka nje akijidai anatafuta vocha. Mimi nilibaki nikifuta meza ambayo haikuwa chafu.

Alifariki mvua zilipoanza. Tulikwenda mimi na Ramso, na njia ilikuwa tope mpaka kwenye magoti. Everisti hakuja, karatasi zilikuwa hazijatoka. Msibani midomo haikukaa: mtoto gani huyo, wazungu wamemlisha nini, hata mama yake? Mdomo wangu nao haujui kulala. Nikawaambia pale pale jamvini, "Kaambiwa mama yake mzima, mlitaka aote?" Nikavutwa kanga na Ramso, nikakaa. Lakini tangu siku hiyo nilimhurumia yule kijana nisiyemjua kuliko nilivyomhurumia marehemu. Marehemu alipata alichotaka. Yeye alidanganywa, akangoja kwa furaha karatasi zake wakati mama yake anakwisha, na ule uongo alitumiwa akiwa hajui hata kama kuna swali la kuuliza. Nilipofungua studio yangu sikuiandika ile sheria ukutani. Vijana wangu wa kazi wanajua, ukivuta sura ya mtu upana hapa kwangu, siku hiyo utaniona.

Basi hayo yote yalikuwa kifuani siku Everisti alipokaa mbele yangu na kikombe cha chai. Nywele zake zimeanza mvi. Nikamwambia, "Everisti, kuhusu ile video. Kuna jambo mama yako..." Akainua mkono, polepole. "Dada Tatu," akasema, "mimi nilitumikia altareni tangu nikiwa mdogo. Hostia naijua." Sikumwelewa. Akachora hewani kwa kidole. "Padri alipoiinua, mliivuta karibu. Ilikuwa kama yai." Nikaweka kikombe chini. Miaka yote hii nimeitazama video ile sijui mara ngapi, na hilo sikuliona. Nilikuwa natazama watu. "Nikaipakua kwenye kompyuta ya rafiki yangu," akaendelea, "nikaibana pembeni. Kidogo, tena kidogo, mpaka hostia ikawa duara. Ndipo nikaisogeza mbele nikamtazama mama."

"Ukamwona."

"Nikamwona. Na ile pini niliiona."

Nje bodaboda zilikuwa zinagombania abiria. "Halafu ukampigia simu," nikasema. "Halafu nikampigia simu." Nikaikumbuka ile simu katikati ya sahani, na kile kimya, na Ramso akiutukana mtandao, na mama amesimama mlangoni ameinua mikono miwili. Mtume! Haukuwa mtandao. Alikuwa yeye, huko aliko, anatafuta sauti ya kusema alichotumwa aseme. Nikamuuliza kama mtu asiye na adabu, maana lilinitoka tu: "Mbona hukurudi?" Akageuza kikombe mikononi. "Alikaa akatengeneza kitu, akanitumia, anataka nimwone mnene. Na alicheka, ulimsikia alivyocheka. Ningemnyang'anya na hicho?" Hapo alilia, mwanaume mzima, na mimi nikalia naye, na sikuwa na cha kumpa isipokuwa ile taulo ninayofutia lenzi.

Diski ya zamani ninayo, kwenye kabati la chini, imefungwa kitambaa. Zote mbili zimo, ile ya kweli na ile pana, kama mama alivyoagiza. Nikamwambia, "Alisema niiweke, alisema utakuja. Ya kweli hii hapa, safi kuliko ile uliyoibana wewe. Nikuwekee hii?" Akaitazama ile picha ndogo kwenye kioo, mama yake mwembamba kwenye kiti, akaitazama muda mrefu. "Hiyo ninayo," akasema, akagusa kifua. "Niwekee aliyonitumia."

Ile pana ilikuwa imeharibika nusu, kwa hiyo ilibidi niitoe upya kutoka kwenye ya kweli. Kijana wangu mmoja alikuwa amerudi kutoka kula, amesimama mlangoni, akaona ninavyofanya, akapanua macho. Nikamwambia anyamaze. Nikavuta pembeni mpaka weusi ukaisha, nikakaa karibu na Everisti tukangoja mashine imalize. Ikacheza. Hostia ikapita, pana kama yai. Kisha mama akatokea kwenye kiti chake cha mbele, mashavu yamejaa, mkono mdomoni, anacheka, na Everisti akasema taratibu, kama anamjibu mtu aliye chumbani humohumo: "Umenenepa, mama."